"Hayo Hayahusu Kanisa": hotuba yangu ya jana kwa wazee wa kanisa, wanakwaya na vijana

Ndugu zangu, wengi mlikuwa msibani na wengine makazini hamkuweza kufika jana, na simu zimekuwa nyingi mnauliza nilisema nini hasa maana naona yaliyowafikia yalishaongezwa chumvi. Kwahiyo naiweka yote hapa kama nilivyoongea, nimetoa tu zile sehemu tulizokuwa tunaimba.

Bwana Yesu asifiwe! Bwana asifiwe tena! Amen, kaeni wapendwa, wale mlioko mlangoni sogeeni mbele huku viti vipo.

Baba mchungaji, wazee wangu wa kanisa, shikamooni. Kina mama wenzangu, wanakwaya, na nyie vijana ambao nimeambiwa mmeshuka kwa miguu toka mtaa wa juu na mvua yote hii, asanteni sana kwa kuja.

Nimepewa somo linaitwa Mkristo wa Kweli na Mkristo wa Jina. Shida ya somo hili ni kwamba kila anayelisikia anamfikiria mtu mwingine. Hata sasa hivi kuna mtu hapa ameshamkumbuka mtu wake, anasema moyoni ingekuwa vizuri fulani angekuwepo leo asikie. Naomba fulani tumwache. Wewe ndo umekuja, Mungu ana neno na wewe uliyekuja.

Mi nimekulia kanisani, nimefundisha shule ya Jumapili, nimekaa kwenye vikao vya baraza la wazee miaka mingi, na kuna sentensi moja nimeisikia kwenye vikao, kwenye misiba, kwenye simu, mpaka nimefika mahali naamini hiyo sentensi ndo nyumba ya unafiki wetu wote, humo ndo unalala na humo ndo unakula. Sentensi yenyewe ni fupi: "Hayo hayahusu kanisa."

Mmeshawahi kuisikia? Mmeshawahi kuisema?

Nianze na binti mmoja. Alikuja kwangu jioni giza linaingia, ana begi la shangazi kaja, binti wa kutoka Singida, hata miaka ishirini hajafika. Alikuwa anafanya kazi za ndani kwenye nyumba ya waumini, si wa usharika huu, lakini ni watu ambao ukiwaona unasema hawa wameshika dini. Saa kumi na moja alfajiri nyumba nzima inaamshwa kusali, na yeye dada anaamshwa anasali nao. Jumuiya inakutana sebuleni kwao. Mwaka mzima huyo binti hakuwa amepewa mshahara mkononi, alikuwa anaambiwa tunakutunzia, ukienda nyumbani utabeba zote. Sasa amepata taarifa mama yake anaumwa, anataka kwenda, akaomba hela yake, akaonyeshwa daftari. Yeye akaliomba alipige picha, wakampa tu alichukue maana kurasa zilishaisha, na ndo akaja nalo kwangu.

Nililishika hilo daftari kwa mikono yangu. Daftari la shule, la kurasa themanini, gamba la bluu. Ukifungua mbele ni daftari la jumuiya: tarehe, neno lililosomwa, majina ya waliohudhuria, sadaka ya siku hiyo, maombi ya wagonjwa. Ukiligeuza nyuma, mwandiko ule ule, kalamu ile ile, kuna kichwa kimepigiwa mstari kwa rula, MAKATO YA DADA. Glasi mbili, 3,000. Sufuria kuungua, 8,000. Nauli ya kumleta kutoka Singida. Dawa ya malaria. Ndala. Na chini kabisa hesabu imejumlishwa vizuri sana, inaonyesha baada ya mwaka mzima wa kufua na kupika na kulea watoto wa watu, dada ndo anadaiwa.

Nikampigia simu mama mwenye nyumba. Nilimsalimia vizuri, nikamweleza, na yeye wala hakunijibu kwa ukali, alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, hayo ni mambo ya ndani ya nyumba yangu, hayahusu kanisa."

Hayahusu kanisa! Yani neno lililosomwa jumuiya linahusu kanisa, sadaka ya elfu tano inahusu kanisa, lakini ukigeuza daftari lile lile upande wa pili, Mungu anatakiwa atoke nje.

Sasa hebu tumsikilize Yakobo, mtu mzima ambaye hakuwa na maneno ya kubembeleza. Yakobo 5:4 anasema ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, "ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele". Anasema ujira wenyewe unapiga kelele, na kelele za wavunaji zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kwahiyo kwenye ile nyumba, alfajiri saa kumi na moja, kuna sauti mbili zinapanda juu kwa wakati mmoja, sala ya familia na mshahara wa dada. Mnadhani Mungu anasikiliza ipi kwanza?

Na Bwana Yesu mwenyewe. Someni Mathayo 23 yote leo mkifika nyumbani. Ole zile hazikuelekezwa kwa walevi, hazikuelekezwa kwa makahaba, wala kwa Warumi waliokuwa wameikalia nchi. Zimeelekezwa kwa watu wa ibada, watu waliofunga, watu wa zaka. Anawaambia mnalipa zaka za mnanaa na bizari na jira, na mmeacha mambo makuu ya sheria, yani adili na rehema na imani. Hebu fikirieni, mtu anapima bizari! Viungo vya kupikia! Anatenga sehemu ya kumi ya majani ili Mungu asipunjwe hata jani moja, halafu mjane anapunjwa shamba zima. Ukali wote ule wa Yesu ulikuwa kwa mtu ambaye kwa Mungu ana mizani ya dhahabu na kwa binadamu mwenzake hana mizani kabisa.

Sasa nataka niwapeleke Rwanda. Tutakwenda Rwanda mara mbili leo, safari ya kwanza ni ya furaha.

Mwaka 1929, Kampala, kwenye kilima cha Namirembe, walikutana watu wawili. Mmoja Mganda, Simeoni Nsibambi. Mwingine daktari wa misheni, Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa anafanya kazi Gahini mashariki ya Rwanda, na alikuwa amechoka kabisa maana njaa kubwa ilikuwa imetoka kuua watu wengi sana kule. Wakakaa chini na Biblia, wakasoma, wakaomba pamoja. Mwafrika na Mzungu, enzi hizo za ukoloni, kila mmoja ana njaa ya Mungu ile ile.

Lakini ninayempenda zaidi kwenye habari hii ni mtu wa tatu, Yosiya Kinuka, msaidizi pale hospitali ya Gahini. Wana uamsho, yani watu wa ule mwamko wa kiroho ulioanzia Gahini, wanasimulia kwamba mambo pale hospitali hayakuwa mazuri, watu hawaelewani, kazi haiendi, Kinuka akaenda mpaka Kampala kumwona Nsibambi na akammwagia malalamiko yake yote, hospitali iko hivi, watu wako hivi. Nsibambi hakumpa pole. Alimgeuzia kibao, akamwonyesha kwamba tatizo la Gahini linaanzia ndani ya moyo wake yeye Kinuka. Na huyu bwana akarudi Gahini mtu mwingine, na mnajua kilichofuata, miaka ile ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaingia Uganda, ukaingia Burundi, Kenya, na kwetu Bukoba ukafika kabla vita ya pili haijapamba moto. Wakaitwa walokole, na wengi waliowaita hivyo waliwaita kwa dharau.

Walokole walifanya nini cha ajabu? Kuimba tuliimba hata kabla yao. Kuhubiri, wahubiri walikuwepo. Cha ajabu ni kwamba waliacha kutubu kwa jumla jumla. Mi na nyie tunatubu kwa jumla, tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, halafu tunakaa. Wale walitaja. Niliiba hiki kwa fulani. Nilimsingizia fulani. Namchukia huyu hapa. Na baada ya kutaja walinyanyuka wakaenda kurudisha. Wakarudisha vitu vya matajiri wao, wakarudisha hela, wakalipa madeni ambayo mwenyewe alishayasahau, wamisionari Wazungu wakaomba msamaha kwa Waafrika mbele za watu. Walirudisha, ndugu zangu! Walirudisha! Sisemi walikuwa malaika, baadaye wenyewe walianza kupimana nani ameokoka kuliko mwenzake na wakagawanyika vibaya. Lakini kwa kurudisha walitushinda, na mimi hilo nalililia kanisani kwetu.

Mtasema hayo ni ya Wanyarwanda wa zamani. Haya, rudini hapa mlimani.

Kuna mzee wa huku juu, ameshatangulia mbele za haki, sitamtaja jina kwa heshima ya watoto wake. Miaka mingi nyuma jirani yake alifariki, na kabla hata matanga hayajaisha mzee alitoka usiku na jembe akang'oa masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, akayasogeza ndani ya kihamba, yani shamba la nyumbani, cha mjane. Si mbali sana, upana wa migomba miwili hivi, lakini kwa urefu wa kihamba chote. Yule mama aliona, akanyamaza, atamwambia nani? Mzee aliendelea kuwa mtu wa kanisa, anatoa zaka, anaongoza sala msibani. Uzeeni, kwenye semina moja ya neno la Mungu, ilimshika. Hakusimama kusema chochote pale semina. Alikwenda nyumbani, kesho yake asubuhi akachuma isale, na nyie Wachagga wenzangu mnajua maana ya mtu mzima kuja kwako ameshika isale mkononi, amekuja kuomba radhi na huwezi kumkataa. Akaenda nalo kwa mjane. Akamwambia yote, na usiku wenyewe aliutaja.

Halafu akarudi na jembe, mchana kweupe, njia ikiwa na watu wanaokwenda sokoni, akaanza kung'oa masale moja moja na kuyarudisha pale yalipokuwa. Wanae walikuja mbio wamekasirika. Wakamwambia baba si umeshatubu, Mungu si ameshasamehe, haya ya mipaka ni mambo ya ukoo na serikali ya kijiji hayahusu kanisa. Mnasikia? Sentensi ni ile ile! Mzee akawaambia Mungu mnayesema amenisamehe ndo yeye aliniona usiku ule nimeshika jembe hili. Kwenye kile kipande kulikuwa na migomba aliyoipanda yeye mwenyewe na kuilisha mbolea miaka yote hiyo, mmoja una mkungu wa mshare umekaribia kukomaa. Hakuukata. Akasema na mkungu ni wa mama. Yule mjane alisimama mwanzo mpaka mwisho bila kusema neno, na isale la mwisho lilipoingia ardhini ndo akafungua mdomo, akasema karibuni ndani chai.

Zakayo naye ni hivyo hivyo. Luka 19, Zakayo anasema ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne, na Yesu anamwambia leo wokovu umefika nyumbani humu. Huo wokovu hakuusema wakati Zakayo yuko juu ya mti. Hakuusema wakati anapokea wageni kwa furaha. Zakayo alipotaja kurudisha, hapo ndo Yesu akasema leo!

Sasa wazee wa kanisa, naomba mnivumilie kidogo, maana unafiki mwingine watu hawaji nao kanisani, tunawapa sisi wenyewe hapa ndani.

Angalieni mnada wetu baada ya ibada. Mnada ni kitu kizuri, mimi naupenda, bibi hana hela ana mayai matano analeta kwa Bwana, mwenye hela anayanunua, kazi ya Mungu inaenda. Lakini tumeugeuza. Yai linafika laki moja, kipaza sauti kinataja jina, vigelegele, simu zinapiga picha, na wote tunamjua aliyenunua, na hatuthubutu kuuliza vibarua wake wamelipwa lini. Bibi mwenye mayai hakutajwa. Yesu alisema ukitoa sadaka usipige panda, yani tarumbeta, mbele yako, na sisi kanisa tumenunua panda, tunawapigia.

Halafu kuna hili ambalo linaniuma kuliko yote. Binti akipata ujauzito nje ya ndoa tunamtenga. Anakaa benchi la nyuma, hashiriki meza ya Bwana, mpaka siku ya kurudishwa kundini asimame mbele yetu wote, tumbo au mtoto mgongoni. Na aliyempa ujauzito? Mara nyingi tunamjua. Mara nyingine yuko kwenye kwaya, amevaa joho, anaimba sauti ya pili, siku ile ile binti anasimama mbele. Baba mchungaji nisamehe lakini nilisema nitaongea ukweli. Tunawafundisha nini watoto wetu hapo? Tunawafundisha kwamba kanisani dhambi ni ile inayoonekana, ukiweza kuficha wewe ni mtakatifu, ukisema kweli utakaa nyuma. Tukiendelea hivi miaka ishirini, kwenye baraza la wazee watakuwa wamekaa nani? Si watakuwa wale waliojua kuficha?

Na ndo maana vijana mnaniuliza, si bora tukae nyumbani kuliko kukaa na wanafiki? Kijana wangu, nakuelewa, hasira yako ni ya haki. Lakini usichanganye mnafiki na mtu dhaifu. Kuna mlevi anakuja hapa kila Jumapili, anakaa pembeni pale, analia, na Jumatatu anakunywa tena. Huyo si mnafiki. Huyo ni yule mtoza ushuru wa Luka 18 aliyesimama mbali hata macho hakuinua, akasema Ee Mungu uniwie radhi mimi mwenye dhambi, na alishuka nyumbani amehesabiwa haki. Mnafiki ni mtu ambaye hana vita tena. Amepatana na dhambi yake, ameipa chumba chake na mlango wake, na juu ya mlango ameandika hayahusu kanisa. Ukikaa nyumbani humsaidii huyo na yule mlevi umemwacha peke yake.

Twende Rwanda mara ya pili sasa. Safari hii si ya furaha, nawaomba mtulie.

Mwaka 1946 mfalme wa Rwanda, Mutara Rudahigwa, aliyekuwa amebatizwa miaka mitatu nyuma, aliiweka nchi yake nzima wakfu kwa Kristo Mfalme. Nchi nzima! Watu walikuwa wanabatizwa kwa maelfu. Kufika sensa ya mwaka 1991 karibu watu tisa kati ya kumi walijiandika Wakristo. Nchi ya Gahini, nchi ya uamsho. Sisi huku na makongamano yetu hatujafika hapo.

Na Aprili 1994, kwenye mauaji ya kimbari, Watutsi walipoanza kuwindwa walikimbilia wapi? Makanisani. Walikimbilia kwa wachungaji wao na mapadri wao kwa sababu miaka ya nyuma waliokimbilia kanisani walipona. Ntarama wakauawa kanisani. Nyamata wakauawa kanisani, mpaka leo nguo zao ziko juu ya mabenchi na kitambaa cha madhabahu kina damu. Na kuna mahali panaitwa Nyange, magharibi ya nchi. Watu kama 1,500 walijifungia ndani ya kanisa la Nyange, na tarehe 16 Aprili likaletwa buldoza likaliangusha kanisa juu yao. Padri aliyekuwa na dhamana ya kanisa hilo, Athanase Seromba, yeye hakuwa ndani na kondoo wake. Baadaye alikwenda Italia akaendelea kutoa huduma kama padri. Kesi yake ilisikilizwa jirani yetu hapa Arusha, mahakama ya kimataifa, mwaka 2006 akapewa miaka 15, mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Na asinyanyuke mtu hapa kusema hao ni Wakatoliki, kwenye mahakama hiyo hiyo ya Arusha mwaka 2003 alihukumiwa mchungaji wa Kisabato, Elizaphan Ntakirutimana, na makanisa mengine yana aibu zao. Papa Francis mwaka 2017 aliomba Mungu msamaha kwa ajili ya dhambi za kanisa kule. Sisi wengine tumeomba?

Wengi wa walioshika mapanga walibatizwa. Walizijua nyimbo zile zile. Najua wapo hapa waliokuwa Ngara mwaka ule, mlioona watu robo milioni wanavuka daraja la Rusumo kwa siku moja, na miili inaletwa na mto Kagera. Nyie mnajua siwasimulii hadithi.

Imewezekanaje? Mi nimejiuliza sana swali hili na nawapa jibu ninaloliamini. Haikuanza Aprili. Miaka mingi kabla, kwenye shule, nyingi zikiwa za makanisa, watoto waliitwa wasimame darasani, Wahutu upande huu, Watutsi upande huu. Vitambulisho vilikuwa vinaandikwa kabila tangu enzi za Wabelgiji. Askofu mkuu wa Kigali alikaa kwenye kamati kuu ya chama tawala. Watu walikuwa wanaona, na jibu la wengi likawa hayo ni ya siasa hayahusu kanisa. Ukiisema hiyo sentensi juu ya mtoto anayeinuliwa darasani kwa kabila lake, na mwaka unaofuata ukaisema tena, siku buldoza inakuja mdomo wako unakuwa umeshaizoea.

Lakini Mungu hakukosa mashahidi. Gisenyi kulikuwa na mama mmoja, Felicita Niyitegeka, Mhutu, mtu wa sala, alikuwa anaangalia kituo cha kanisa kinaitwa Saint-Pierre. Akawaficha Watutsi mle, wengine akawasaidia kuvuka usiku kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka. Kaka yake alikuwa kanali jeshini, akamtumia ujumbe aondoke, ataokolewa, yeye si anayetafutwa. Akamjibu kwa barua kwamba kuliko aokoe nafsi yake na kuwaacha watu 43 alionao, anachagua kufa nao. Walipopelekwa kwenye makaburi bado walimpa nafasi ya kuondoka, akakataa. Wakamuua pamoja nao.

Na Nyange. Nyange ile ile! Miaka mitatu baadaye, tarehe 18 Machi 1997, usiku, wanafunzi wa sekondari ya Nyange wako darasani wanajisomea, wakaingia wenye bunduki. Wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Watoto wa shule, mnaelewa? Umri wenu nyie mlioko kule nyuma. Wakajibu hapa hakuna Mhutu wala Mtutsi, sisi ni Wanyarwanda. Wakaamriwa tena, wakakataa tena, wakapigwa risasi na kutupiwa mabomu ya mkono, wengine wakafa na wengine wana makovu mpaka leo. Mhutu aliyekuwa mle angeweza kupiga hatua tatu tu kwenda upande wa ukuta, akapona. Hakupiga.

Vijana, mnadhani Felicita alijifunza lini kuwa vile? Mnadhani ni siku ile ile barua ya kaka yake ilipofika? Mtu ambaye mshahara wa dada wa kazi umemshinda kutoa, mtu ambaye kosa lake mwenyewe kamwachia binti alibebe peke yake mbele ya kanisa, huyo akija kuulizwa swali la Nyange atajibu nini? Yohana anasema mtu akisema nampenda Mungu naye anamchukia ndugu yake ni mwongo. Mwongo! Yohana, mtume wa upendo, ndo kaliandika neno hilo.

Sasa nimalize na mambo ya utekelezaji maana muda wangu umekwisha, namwona katibu ananionyesha saa.

Jumapili hii tuna Chakula cha Bwana na leo ni Alhamisi. Mathayo 5 inasema ukileta sadaka yako madhabahuni na pale ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, enda kwanza upatane naye, ndo urudi. Nimeongea na baba mchungaji na amekubali, ibada ya pili Jumapili itaanza saa nne na nusu badala ya saa tatu na nusu, ili mwenye pa kupitia apitie. Mwenye mshahara wa mtu aulipe. Mwenye mpaka wa mtu, jembe analo. Kama kwenda peke yako ni kugumu, kesho na Jumamosi kuanzia saa nane mchana nitakuwepo ofisi ya diakonia, ile ya huduma kwa wahitaji, na wazee wawili, tutakusindikiza na tutakachosikia huko tutakiacha huko. Kuhusu mabinti wanaosimamishwa mbele, baraza la wazee linakutana wiki ijayo na nimeomba liwe agenda ya kwanza, na wewe kijana wa kwaya unayejijua, nakuomba kama mama yako, usisubiri baraza.

Na Jumamosi saa tisa alasiri wadada wa kazi wote na vijana wa shamba wanakaribishwa hapa ukumbini, wa dhehebu lolote, hata asiyesali, chai itakuwepo na kuna mama mmoja wa ustawi wa jamii atakuja kuwaeleza haki zao. Waje wenyewe bila mabosi. Nyie mabosi mliomo humu, na tumo wengi, wapeni ruhusa wasije kwa kuiba muda, na nauli wapeni nyie, na msiiandike kwenye daftari.

Bwana asifiwe. Asanteni sana kwa kunisikiliza.